Mzuri Tu, Sista

Mtu wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa jiji, ukimkuta kaangushwa na baiskeli, mguu umekaa upande usio wake, umwulize habari, atakujibu, "Mzuri." Akishakujibu hivyo ndipo atakuomba umsaidie kuinuka. Sisemi haya kuwacheka watu wetu. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, na siku yangu ikifika nitajibu vivyo hivyo. Kwetu adabu hutangulia, ukweli hufuata baadaye ukipata nafasi. Tatizo ni kwamba mara nyingine nafasi haupati.

Lydiah Nduta alikuwa fundi wa kushona katika mtaa wa Maringo. Majirani walimwita Mama Irungu, kwa jina la kifungua mimba wake aliyekuwa na kazi Nakuru. Nyumbani alibaki na binti yake, Wakiuru, aliyekuwa akijifunza kupiga taipu mjini. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na aliiweka kibarazani ili aone mwanga na watu wanaopita. Alishona sare za shule. Kaptura zake zilijulikana mpaka mtaa wa Jericho kwa sababu hazikupasuka matakoni hata mtoto acheze bano, gololi zile za chini, mwaka mzima.

Alikuwa mjane. Njogu, mumewe, seremala wa Gikomba, aliugua kifua kikuu miaka ambayo dawa yake ilikuwa sindano ya kila siku. Sindano zile zilimletea mlio masikioni na kizunguzungu, akawa anatembea Jogoo Road kama mlevi, naye ni mtu wa kanisa asiyejua ladha ya pombe. Akaenda kuwaambia manesi kwamba sindano zinamuua. Wakazisimamisha kwa muda wamchunguze. Njogu akaona raha, akakaa nyumbani, hakurudi. Kabla masika hayajaisha alikuwa amelala Lang'ata chini ya msalaba alioutengeneza fundi mwenzake.

Nduta hakulia siku ile. Wanawake wa kanisa walimshika mikono huku na huku wakingojea aanguke, naye akasimama wima mpaka udongo ukajaa. Kitu fulani ndani yake kililala, na yeye hakuwa na haraka ya kukiamsha. Alichotoka nacho makaburini ni somo moja tu: Njogu alilalamika, akanyimwa dawa, akafa. Somo lenyewe halikuwa sahihi, lakini nani angemsahihisha? Mtu akiumwa na nyoka huogopa ung'ong'o, na Nduta aliogopa kulalamika.

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na saba alikuwa akishona shati jeupe la mtoto wa shule alipokohoa mara moja, kikohozi cha kawaida, na tone la damu likatua kwenye ukosi. Aliliangalia. Alilikunja shati lile, akalitia chini ya kitambaa kingine, akaendelea na kaptura. Wakiuru ndiye aliyeliona jioni, na ndiye aliyemburuta mama yake hadi kliniki ya kifua.

Nyuma ya kliniki hiyo palikuwa na chumba kilichopakwa rangi upya, chenye benchi refu nje. Hapo madaktari walikuwa wakifanya utafiti. Dakta Ngui, kijana wa Kikamba mwenye miwani mizito na sauti ya upole, aliwaeleza wagonjwa kwa Kiswahili safi. Kulikuwa na dawa ya zamani, sindano na vidonge kwa mwaka na nusu. Na kulikuwa na mpango mpya: vidonge vikubwa, kipimo kizito, muda mfupi zaidi, bila sindano. Mgonjwa aliyekubali angepata mmoja kati ya mipango hiyo miwili, kwa bahati ya bahasha iliyofungwa, kama kura, wala daktari mwenyewe asingemchagulia.

"Tunataka kujua mambo mawili," alisema Dakta Ngui. "Kwanza, kama vidonge hivi vinaponya. Hilo tutaliona kwa picha za kifua na makohozi. Pili, kama vinadhuru. Hilo sisi hatuwezi kuliona. Hilo mtatuambia ninyi."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Walikubali kwa moyo wote, na wote, nasema wote, walimsikia. Nduta alipata vidonge vikubwa. Alimshukuru Mungu kwamba hakupata sindano.

Aliyewauliza wagonjwa hali zao kila mwezi alikuwa Sista Nasike, Mbukusu kutoka upande wa Kimilili, mwanamke mchanga aliyelelewa akaleleka. Karatasi yake ilikuwa na swali moja la Kizungu, na yeye ndiye aliyepaswa kuligeuza liwe Kiswahili. Mwezi wa kwanza aliligeuza neno kwa neno: "Mama, una malalamiko?"

Nduta alishtuka. Malalamiko ni kitu cha kwa chifu. Malalamiko hupelekwa kotini. Aketi hapa, apewe dawa ya bure na kikombe cha maziwa, halafu aulizwe kama ana malalamiko? Akakana mara tatu. Kwenye benchi wengine nao walikuwa wamekana kwa hofu ileile, na mama mmoja aliuliza kama amefanya kosa.

Basi mwezi uliofuata Sista Nasike akalilainisha swali lake. Hakutaka kuwatisha watu walio na umri wa mama yake. Akamshika Nduta mkono kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo kwao, akauliza, "Habari ya dawa, Mama?"

"Mzuri tu, Sista."

"Haikusumbui?"

"Tunashukuru Mungu."

Sista akaandika kwamba mgonjwa hana shida yoyote. Na hapo ndipo kosa lilipoingia. Liliingia likiwa limevaa nguo za heshima, ndiyo maana hakuna aliyelitilia shaka.

Damu ilikatika upesi. Kikohozi kilipungua, nyama ikamrudia Nduta mashavuni, sketi zikamkaa kiunoni tena bila pini. Kifuani dawa ile ilifanya kazi kama ilivyoahidiwa, tusiisingizie.

Miguuni ilikuwa habari nyingine. Kwanza ilikuja kama sisimizi, kwenye vidole, wakati wa kulala. Kisha ikawa moto. Nduta aliitoa miguu nje ya blanketi akaiweka kwenye sakafu ya simenti, na simenti haikuipoza. Akawaza kuisema. Akamkumbuka Njogu. Akaamua kuvumilia.

Kwenye benchi alizoea kukaa na Wamalwa, mpakiaji magunia katika kinu kimoja cha unga huko Viwandani, mtu mkubwa wa mwili na wa maneno. Siku moja walipokuwa wakingojea, Wamalwa alimwinamia.

"Mama Irungu, wewe miguu yako haiwaki?"

"Inawaka."

"Yangu ni kama nimesimama ndani ya sufuria ya ugali. Unajua hiyo ni nini? Ni dawa inatembea. Inaanza kwa kifua, inasukuma ugonjwa chini, chini, mpaka utoke na kwa nyayo. Dawa kama haikuchapi, hiyo si dawa, hiyo ni chai."

"Umemwambia Sista?"

Wamalwa akatazama huku na huku. "Nimwambie nini? Unakumbuka yule mama Mborana, Batulo, alikuwa anakaa hapo mwisho? Alisema ngozi inamwasha. Wakamwita ndani. Sasa ako wapi?"

Nduta alitazama mwisho wa benchi. Kweli Batulo hakuwapo, na hakuwa amekuja tangu siku ile. Mlango ukafunguliwa, likaitwa jina la Nduta, akaingia.

"Habari ya dawa, Mama?"

"Mzuri tu, Sista."

Katikati ya mwaka moto ulizimika. Nduta aliamka siku moja akakuta miguu imetulia, haiwaki, haiwashi, haisemi lolote. Alifurahi. Alimwambia Wamalwa, naye Wamalwa akasema yake pia imenyamaza, imepona hiyo, si nilikuambia? Akacheka mpaka wengine kwenye benchi wakacheka, na wengine wakasema hata yao. Walipongezana pale kama watu waliofaulu mtihani.

Lakini kanyagio la cherehani lilikuwa limepotea. Lilikuwapo, chini ya nyayo zake, alipoinama aliliona. Ila alipotazama juu kwenye sindano, lilitoweka. Alikanyaga hewa. Mara cherehani ilirudi nyuma uzi ukakatika, mara ilikimbia peke yake ikamla kidole. Akajifunza kushona kwa masikio: cherehani ikilia sawasawa, miguu iko mahali pake, ikikohoa, ameipoteza. Mishono ikaanza kupinda. Mama mmoja wa Jericho akarudisha kaptura kwa mara ya kwanza. Nduta aliifumua akaishona upya, bila hasira, bila aibu hata. Alikuwa ameanza kuona mambo yote kwa mbali, kana kwamba yanampata jirani.

Mwezi wa nane redio iliacha vipindi vyake ikapiga muziki wa maombolezo, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na kwenye bomba la maji wanawake wa Maringo walilia wakishikana. Mama wa nyumba ya pili alijitupa chini. Nduta alisimama na debe lake. Alijua kwamba Rais amefariki na kwamba ingefaa alie, akajaribu hata kukunja uso. Hakuna kilichokuja. Maji yalifurika debe yakamwagikia miguuni, maji ya baridi ya asubuhi ya Agosti, na hakujua mpaka alipoona kiatu kimelowa.

Kama ingeishia hapo, Nduta angeendelea kujibu mzuri mpaka kaburini, na leo nisingekuwa na la kusimulia. Mwezi wa kumi Wakiuru alianza kukohoa.

Nduta alikijua kikohozi kile kabla binti hajakimaliza. Alizima jiko, akavaa koti, akamshika Wakiuru mkono kama mtoto wa chekechea, wakaenda. Picha ilionyesha doa dogo upande wa kushoto. Dakta Ngui aliwatuliza: wamekuja mapema, na bahati nzuri ni kwamba kundi la pili la utafiti linaanza juma lijalo. Safari hii hakuna bahasha. Mpango mpya umeshinda, wote wanaoingia watapewa vidonge vikubwa.

"Mama yako ni shahidi wetu," alimwambia Wakiuru akitabasamu. "Amepona, na dawa haikumletea shida hata moja."

Wakiuru akamtazama mama yake kwa fahari. Nduta akatazama sakafu.

Jumamosi ile, siku chache kabla ya kundi kuanza, Nduta alikuwa akipika githeri, mahindi na maharagwe. Alisikia harufu, akafikiri jirani anachoma kichwa cha mbuzi, akajiambia leo huko kuna wageni. Akaendelea kukoroga. Wakiuru ndiye aliyepiga kelele kutoka mlangoni. Kaa la moto lilikuwa limedondoka likaingia ndani ya champali ya mama yake, likakaa kando ya kidole gumba, na mama yake alikuwa amesimama juu yake akionja chumvi.

"Mami! Mguu! Huoni unaungua?"

Nduta alilitoa kaa kwa kijiko. Palikuwa na shimo jekundu lenye kingo nyeupe. Wakiuru alikuwa akilia, akitafuta mafuta, akitafuta kitambaa, na mama yake akamtazama binti huyo anayelia kwa ajili ya mguu usiokuwa wake.

"Hukusikia?" Wakiuru aliuliza. "Mami, niambie ukweli, hukusikia kabisa?"

"Nilikuwa nawaza mambo mengine," alisema Nduta.

Usingizi haukuja siku zile. Alipima. Akisema, watamfukuza Wakiuru kama Batulo, na binti atakwenda njia ya Njogu, kikohozi kikimla taratibu. Asiposema, Wakiuru atapona kifua na kuipoteza miguu. Binti alikuwa na viatu vya soli nene vya mtindo wa siku hizo, akitembea navyo utadhani barabara imejengwa kwa ajili yake. Nduta alijaribu kuona uchungu juu ya jambo hilo, autumie kama mtu anavyotumia fimbo kujiinua. Alikuta uzito tu. Mficha maradhi kifo humwumbua, ndiyo, methali aliijua. Lakini aliyeitunga hakuwahi kukaa kwenye benchi lile.

Siku ya kuanza kundi la pili, Dakta Ngui aliwaita pia wagonjwa wa kwanza wa vidonge vikubwa waje wanywe chai na kuwatia moyo wageni. Benchi halikutosha, wakaleta viti vya ofisini. Kulikuwa na mandazi. Wamalwa alikuwa na buti nzito za kazini zilizofungwa mpaka juu. Wageni walikaa upande wao, wamekonda, wamejifunika, na Wakiuru kati yao, magoti pamoja, mkoba mapajani.

Dakta Ngui alizungumza kwa furaha ambayo mtu angemwonea huruma. Alisema makohozi ya karibu wote yamekuwa safi. Alisema kwa karibu mwaka mzima, mbali na mama mmoja aliyewashwa ngozi, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyetaja dhara. Kisha akamgeukia Nduta.

"Mama Irungu, hebu simama uwaambie wageni wetu."

Nduta akasimama. Ilimbidi aangalie chini kwanza ahakikishe miguu iko wapi. Maneno hayakuja, na Sista Nasike, akidhani anaona haya, akamsogelea kumsaidia. Akamshika mkono kwa mikono miwili, akapiga goti lile dogo.

"Habari ya dawa, Mama?"

"Mzuri tu, Sista."

Lilitoka lenyewe. Watu wakapiga makofi. Nduta akaketi, na mikono yake ikatulia mapajani kama mikono ya mtu mwingine.

Wakaanza kuita wageni. Wakiuru alikuwa wa kwanza. Alisimama, akatembea kuelekea mezani kwenye viatu vyake vya soli nene, ko, ko, ko, juu ya simenti. Nduta hakuitazama sura yake. Aliisikiliza miguu, kama alivyojizoeza kuisikiliza cherehani, na mlio ulikuwa sawasawa. Sista Nasike alimtilia vidonge kwenye kiganja na kumpa kikombe cha maji.

"Ngojea," alisema Nduta.

Hakupaza sauti. Ila hakuwa mtu wa kukatiza mambo ya watu, kwa hiyo wote waligeuka. Wakiuru alisimama na kiganja wazi.

Nduta aliinama akavua kiatu, akavua soksi, akafungua kitambaa, akaunyoosha mguu mbele ya watu wazima na wageni, jambo ambalo mwanamke wa heshima zake hafanyi. Kidonda kilikuwa kimebadilika rangi. Mtu mmoja akaguna. Nduta akachomoa pini kwenye ukosi wa blauzi, mafundi hawakosi pini hapo, akamnyooshea Dakta Ngui.

"Dunga," alisema.

Daktari hakuipokea. Basi Nduta akajidunga mwenyewe, pembeni ya unyayo, mahali pasipo kidonda. Aliisukuma pini mpaka kichwa chake, akaiacha imesimama hapo, akainua uso wake mkavu akawatazama.

"Sijui kama imeingia," alisema. "Naona tu."

Kisha akamgeukia Sista Nasike, ambaye mkono wake ulikuwa mdomoni.

"Sikukudanganya kwa ubaya, binti yangu. Uliniuliza habari, nami nikakujibu habari. Wakati wa kusema mengine sikuuona. Na niliogopa mtaninyima dawa. Sasa nimesema. Kama ni kunifukuza mimi, nifukuzeni. Huyu mtoto msimnyime, lakini msimfanye hivi."

Kilichosikika ni Wamalwa akipumua kwa nguvu. Yule mtu mkubwa alikuwa ameinama, akifungua kamba za buti. Alivua moja, akavua ya pili, akaziweka chini ya benchi vizuri, jozi. Vidole vyake vilikuwa na majeraha ambayo hakuyajua, kucha moja haikuwapo. Mwanamke aliyekaa karibu naye akavua raba. Kisha mzee wa mwisho. Hakuna aliyewaambia. Benchi zima, mmoja baada ya mwingine, walivua viatu wakaketi na miguu yao mbele yao, kimya, kama watoto waliokamatwa, huku chai ikipoa.

Dakta Ngui alivua miwani. Alikwenda kutoka mguu mmoja hadi mwingine na ile pini, baada ya kuichomoa kwa mikono yake na kuisafisha kwa spiriti, akigusa na kuuliza, akigusa na kuuliza. Na sasa kwa kuwa wa kwanza alikuwa amesema, wakasema. Hapana. Hapana. Hapo sisikii. Hapo pia.

Mwisho akaja akachuchumaa mbele ya Nduta.

"Mama, Batulo hatukumfukuza. Tulimlaza wodini, tukambadilishia dawa. Alipona, akarudi kwao Isiolo." Akaiweka pini kando. "Kipimo hiki kikiwa kizito hula mishipa ya fahamu. Tulijua kinaweza. Ndiyo maana tulikuwa tunauliza. Kuna kividonge kingine kidogo, cha vitamini, kinachoilinda. Mtu akianza kuwaka miguu anapewa, na moto unazimika salama."

"Kiko wapi?" aliuliza Nduta.

Daktari alishindwa kumtazama. Aliinua mkono akaonyesha kabati la kioo ukutani, hatua chache kutoka benchi walilokalia karibu mwaka mzima.

Sista Nasike alilia. Alikaa sakafuni kando ya mguu wa Nduta akalia kwa sauti, na Nduta, ambaye hakuwa na machozi ya kumsaidia nayo, aliweka mkono juu ya kofia yake nyeupe mpaka alipomaliza.

Wakiuru alipewa dawa siku ileile, pamoja na kidonge kidogo. Kundi lote lilipewa. Na kuanzia hapo Sista Nasike alikuwa na utaratibu wake ambao haukuwa kwenye ile karatasi ya Kizungu. Alisalimia kwanza, akajibiwa mzuri, akashukuru. Kisha akasema, "Haya, hiyo ilikuwa salamu. Sasa vueni viatu." Naye hakuyategemea maneno ya watu peke yake, aliwaambia wafumbe macho, akadunga, akangojea.

Wamalwa alirudishiwa unyayo mmoja, wa kulia, baada ya miezi mingi, na alipoumwa na mchanga kwa mara ya kwanza alikuja mpaka Maringo kumwonyesha Nduta. Miguu ya Nduta haikurudi. Daktari alimwambia tangu mwanzo kwamba amechelewa, na Nduta alimshukuru kwa kumwambia. Cherehani akamwachia jirani, akawa anashona vifungo na pindo kwa mkono. Viatu vya wazi akaacha. Majirani wakimwuliza habari ya miguu aliwajibu, na ninyi mnajua alijibu nini.

Wakiuru alipona kabisa. Akapata kazi ya taipu katika ofisi moja mjini, na kila jioni aliporudi, ko, ko, ko kibarazani, mama yake alinyamazisha redio ili asikie. Baada ya chakula binti alimvua viatu, akatazama vidonda kama alivyofundishwa, akaosha, akapaka mafuta. Mwishowe alichomoa pini kwenye ukosi wake, maana naye alikuwa ameanza kuiweka hapo, akadunga kidogo na kuuliza. Jibu lilikuwa hapana. Miaka miwili jibu lilikuwa hapana, na Wakiuru hakukubali kuacha kuuliza.

Jioni moja alirudi amechoka, macho mekundu kwa kazi. Aliuosha mguu akaushika mapajani kwa mikono yote miwili. Nduta alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, uso ameuelekeza kwenye taa. Alimtupia binti yake jicho la pembeni, akaona jinsi alivyokunja mabega.

"Unasikia, Mami?" aliuliza Wakiuru.

"Nasikia," alisema Nduta. "Kidogo tu, lakini leo nasikia."

Wakiuru hakuinua kichwa. Pini ilikuwa bado kwenye ukosi wake, hakuwa ameichomoa. Aliuvalisha mguu soksi polepole, akaivuta mpaka ikakaa sawa kisiginoni.

"Sawa, Mami," alisema. "Tunashukuru Mungu."